Majaketi Sita kwa Diko Zima

Jumatatu, 14 Julai

Leo nimekuwa mfanyabiashara wa usalama baharini. Mimi, Mwishehe! Niliyetapika kwenye kivuko cha Kigamboni, tena kikiwa bado kimefungwa gatini.

Mambo yako hivi. Jana Venance, katibu wa diko letu, hapa boti za uvuvi zinapotia nanga na kuuza samaki, alipanda juu ya kreti la samaki akatangaza kwamba afisa uvuvi anakuja Jumatano kukagua. Boti isiyo na jaketi la kujiokolea kwa kila baharia haitatoka. Wavuvi wakaguna. Majaketi hawana. Analo Venance peke yake, na hulivaa hata mnadani, kwenye mchanga mkavu, utadhani atazama kwenye ndoo ya dagaa. Mtu wa Songea huyu! Bahari aliiona mara ya kwanza kwenye kalenda, leo anatufundisha sisi wazaliwa wa pwani kuogopa maji.

Wenzangu waliguna. Mimi niliwaza.

Nikaenda Tabata kwa Nikodemu. Huyu alikuwa na boti ya kupeleka watalii kisiwani Mbudya, biashara ikamfia. Stooni kwake yamebaki majaketi sita, rangi ya chungwa, kila moja na filimbi yake inaning'inia kifuani. Tumebadilishana. Mimi majaketi, yeye feni. Feni ilikuwa ya mke wangu, Tabu. Nimemwambia iko kwa fundi, Kiwalani.

Mpango ni mwepesi mno, naona aibu kwa walioushindwa. Boti haihitaji jaketi kila siku. Inahitaji siku ya ukaguzi tu! Basi naazimisha: boti hii ikishakaguliwa, majaketi yanahamia boti inayofuata, na kila nahodha ananilipa kitoweo. Samaki mezani bila kulowa kisigino. Kuna watu wamesoma mpaka chuo na hawajafikia hapa.

Jumanne, 15 Julai

Mpango umetoboka kabla haujaanza.

Tabu kayakuta majaketi chini ya kitanda. Nilijiandaa kwa kelele. Hakupiga kelele. Alikaa sakafuni, jaketi mapajani, akaanza kulia, akanishukuru. Kadhani nimemnunulia Khalfani!

Khalfani ni mdogo wake, wa pekee. Mama yao alifariki mtoto akiwa anatambaa, Tabu akamlea yeye. Alijifunza ushonaji huku kambeba mgongoni. Sasa kijana ni baharia kwenye boti ya Nahodha Jabiri na analala kwenye kibanda chetu cha uani. Kila alfajiri hugonga dirisha letu kwa kidole akasema, "Shem, dunia imeamka!" Hunikera sana. Akishaondoka, Tabu halali tena. Hukaa kwenye cherehani bila nguo ya kushona, miguu inakanyaga tu, mpaka boti irudi. Kuogelea Khalfani anajua kama wavuvi wengi wanavyojua. Maji yakiwa kifuani, hodari. Yakipita hapo, Mungu ndiye anaogelea.

Ningesema nini? Nikasema ndiyo, nimemnunulia. Nikaapa kabisa kwamba moja ni lake, halitaguswa. Tabu akashona jina lake kifuani kwa uzi mwekundu, herufi kubwa: KHALFANI. Kijana alipoliona akalivaa papo hapo, akala nalo wali. Alinikumbatia.

Basi. Matano ya biashara, moja la shemeji. Mtu asiseme sina moyo.

Jumatano, 16 Julai

Ukaguzi! Nimetoka mshindi, ila nimezeeka.

Afisa ni mama mmoja mfupi, mpole, ana macho ya mkunga. Alianza upande wa mnadani, kwa boti ya Jabiri. Mabaharia sita, majaketi sita, pamoja na la Khalfani. Safi. Alipogeuka tu, majaketi yakavuliwa, hata la Khalfani, kalitoa mwenyewe akicheka, yakaingia kwenye beseni la Chausiku, yule mama anayekaanga samaki. Juu akatupia kanga na kipande cha pweza kwa ajili ya ushahidi. Akapita nyuma ya mabanda akiimba "Pweza, pweza wa moto!" mpaka boti inayofuata. Hivyo hivyo boti baada ya boti.

Kwenye boti ya tatu afisa akanusa. Akauliza mbona majaketi ya diko hili yananuka pweza. Nikamjibu kwamba ni bahari, mama. Kwenye ya nne akauliza mbona kila boti ina jaketi lililochanika bega la kushoto. Nikasema ndilo bega la kubebea kasia. Akaandika! Kisha akamwona Khalfani wa pili, mwenye kitambi na mvi. Nikamweleza kwamba jina hilo huku ni la kawaida sana. Venance akakohoa kikohozi cha katibu. Nilimtazama kwa jicho ambalo lingekaanga samaki bila mafuta.

Mama huyo ana jambo moja hacheki nalo: filimbi. Kila jaketi alishika filimbi, akaipuliza mwenyewe. Alisema baharini usiku au kwenye wimbi mtu haonekani, husikika. Jaketi lisilo na filimbi yeye halihesabu.

Jua likamshinda. Zimebaki boti za upande wa mikoko, atarudi Jumamosi. Kitoweo nimepata beseni zima, changu, kolekole na taa mmoja mwenye sura ya Venance. Nimehifadhi kwenye friji la Chausiku.

Alhamisi, 17 Julai

Khalfani kaenda baharini na jaketi lake mwilini. Wenzake walimwita bi harusi. Wakampigia vigelegele akipanda botini, wakamuuliza bwana yuko wapi. Yeye alizungusha kiuno akaendelea kupanga nyavu. Hawezi kukasirika, hiyo ndiyo kasoro yake.

Tabu akalala! Alfajiri, baada ya dirisha kugongwa, aligeukia ukutani akakoroma mpaka jua la saa tatu. Sijawahi kumwona hivyo tangu nimwoe. Usingizini uso wake ni wa msichana. Nilikaa nikamtazama, chai ikapoa.

Mchana Venance alimwita Khalfani mbele za watu, akampa mkono, akasema huyu ndiye mfano wa kuigwa. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo. Jaketi nimelitoa mimi, feni imeondoka nyumbani kwangu, joto nalala nalo mimi. Mfano akawa Khalfani! Nikaondoka bila kuaga.

Ijumaa, 18 Julai

Tatizo la hesabu. Boti kubwa ya upande wa mikoko ina mabaharia sita. Nahodha wake kaahidi kitoweo cha mwezi mzima, si beseni la siku moja. Majaketi yangu ni matano.

Nimeshauriana na nafsi yangu tangu swala ya Ijumaa. Nafsi ilisema uliapa. Nikaiuliza je, niliapa kwamba halitaazimwa, au kwamba ni lake? Ni lake. La kwake linaweza kuazimwa, kama sufuria.

Tena ni asubuhi moja tu. Afisa anakuja saa tatu, Khalfani anarudi adhuhuri. Kusi inavuma kweli, tangu jana mchanga unaingia mpaka kwenye sukari. Lakini kusi ni ya Julai, itavuma lini tena?

Magharibi, Tabu akiwa jikoni, nimelitoa kwenye msumari wake kule kibandani. Liko chini ya kitanda na wenzake.

Jumamosi, 19 Julai, asubuhi

Dirisha liligongwa. Nikatoka haraka kabla Tabu hajaamka. Khalfani alikuwa amesimama uani na kopo lake la chai, akauliza jaketi liko wapi. Nikasema kamba ilikuwa inaelekea kukatika, nimelipeleka kwa fundi.

Alinitazama. Kisha akacheka. Akasema hata feni iko kwa fundi, huyo fundi anapendwa sana na nyumba hii. Nikacheka na mimi. Nadhani alijua. Alijifunga tu kikoi vizuri.

Nilijisikia vibaya. Nikamwambia angoje. Nikaingia ndani, nikafungua filimbi ya lile jaketi lake, nikamletea. Nikamwambia niliitoa kabla ya kwenda kwa fundi, aivae, afisa mwenyewe kasema mtu husikika. Filimbi ni nusu ya usalama! Akaitunga kwenye uzi wa nyavu, akaivaa shingoni. Akaipuliza kidogo sana, asimwamshe dada yake. Akaniambia, "Haya shem, mie huyo."

Sasa jaketi moja halina filimbi. Baharia wa sita itabidi aweke mkono kifuani, kama anayeimba wimbo wa taifa.

Jumamosi, jioni

Afisa hakuja. Venance alipanda kreti lake akasema ukaguzi umeahirishwa, bahari ni chafu. Majaketi yameshinda kwenye beseni la Chausiku, makavu, yamefunikwa kanga, mpaka nilipoyarudisha chini ya kitanda.

Boti zote zimerudi isipokuwa ya Jabiri.

Nimemwambia Tabu watakuwa wamejificha Mbudya, upepo utulie. Akasema hana wasiwasi, Khalfani ana jaketi.

Jumapili, 20 Julai

Sijui niandike nini. Naandika kwa sababu mkono ukisimama naanza kusikia.

Asubuhi boti ya Mbweni ilileta watu watano. Jabiri na wanne wake. Midomo imepasuka kwa chumvi, hawawezi kusimama. Khalfani hayumo.

Jabiri kaeleza akiwa amelala mchangani. Wimbi liliwakuta nje ya mwamba, wakivuta nyavu. Walifua maji, kuyachota botini na kuyamwaga nje, mpaka dumu la kuchotea likachukuliwa. Boti ikapinduka. Wote walishika mgongo wake, na Khalfani alishika pia, karibu na Jabiri. Likaja wimbi la pili. Watano walibaki. Khalfani akatupwa pembeni, mkondo ukamchukua. Hawakumwona tena kwa ajili ya mawimbi. Walimsikia. Alipuliza filimbi. Walimwita, yeye akapuliza, wakamwita, akapuliza. Kwa muda mrefu, kasema Jabiri. Kisha ikawa upepo peke yake.

Chausiku akajifunika kanga usoni. Tabu hakulia. Alimwinamia Jabiri akamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kwani hakuwa na jaketi? Jabiri akamwambia hapana mama, alikuja bila.

Diko limefungwa. Hii ni desturi yetu tangu mababu: mtu akiwa majini, hakuna boti inayokwenda kuvua, hakuna moto wa kukaanga, hakuna anayekula cha bahari ile mpaka arudishwe. Boti zote zinakwenda kumtafuta yeye. Kila nyumba itoe mtu.

Nyumba yetu mtu ni mimi. Niliogopa. Naandika ukweli. Nikaingia chumbani nikavuta jaketi moja kutoka chini ya kitanda, nikalivaa bila kuangalia, nikakimbilia botini. Watu wanane, wote vifua wazi au fulana. Mimi peke yangu na chungwa. Hata Venance jaketi lake alikuwa amemvalisha kijana mmoja wa Jabiri aliyekuwa anatetemeka kwa baridi.

Nilitapika mpaka nyongo. Nilipoinua kichwa, Venance alikuwa ameketi mbele yangu ananitazama kifuani. Nikatazama na mimi. Uzi mwekundu. Na pale pa filimbi, kitanzi kitupu.

Alivuta kofia yake chini ya macho, akageukia maji, akaniambia nitafute upande wangu.

Tulirudi jua likizama, mikono mitupu. Tabu alikuwa ufukweni. Akanisogelea, akaweka kidole kwenye jina, herufi moja baada ya nyingine, kama anakagua mshono wake. Kisha akarudi kwa wanawake wenzake.

Yote haya kayasababisha Venance. Asingetangaza ukaguzi, mimi ningeyajua wapi majaketi?

Jumatatu, 21 Julai

Tumetafuta tena. Hakuna.

Samaki wangu wameharibika. Chausiku kazima friji, hataki kitoweo cha bahari ndani mwake na mtoto wa watu bado yuko majini. Nimewafukia nyuma ya choo. Paka wamefukua. Uwanja wa msiba mzima unanuka kodi yangu. Watu wananyanyuka kutoka mikekani wanahamia upande wa pili wa turubai, na wote wanajua samaki ni wa nani.

Alasiri Tabu aliniita chumbani. Tangu jana ni mara ya kwanza. Aliniuliza, "Alikuomba?" Nikaanza kumweleza habari ya ukaguzi, boti ya mikoko, asubuhi moja. Alisubiri nimalize. Akarudia, "Mwishehe, alikuomba?"

Nikasema ndiyo. Alikuomba.

Nilipoisoma tena sentensi hiyo nimeona nimekosea. Aliniomba. Mimi.

Tabu akaitikia kwa kichwa, akatoka. Leo alfajiri hakuna aliyegonga dirisha. Niliamka mwenyewe saa ile ile, nikakaa, nikangoja. Nilikuwa nachukia sana kugongewa lile dirisha.

Jumanne, 22 Julai

Amepatikana. Venance ndiye aliyempata, kwenye mikoko, maji yalipotoka. Alimfunika kwa shati lake, akabaki naye, akapiga kelele mpaka tukasikia. Aliingia tope mpaka kiunoni kumbeba, mtu wa Songea, na alikataa kupokewa.

Uzi wa nyavu ulikuwa bado shingoni. Filimbi ilikuwa bado kwenye uzi.

Nilishiriki kumwosha. Nilimwagia maji miguuni. Ana kovu kwenye kifundo, alilipata mwaka ule aliponisaidia kuezeka banda la kuku ambalo sikuwahi kuliletea kuku. Nililia hadi mwoshaji akanipokonya kata. Filimbi aliivua yeye, akaifuta, akampelekea Tabu. Tabu akaifunga kwenye pindo la kanga, fundo mara mbili.

Shehe kasema aliyekufa maji ni shahidi. Nimelishika neno hilo kwa mikono miwili. Makaburini nilikuwa na mpango wa kumwambia kitu kabla hajafukiwa. Sikuupata wakati. Walikuwa wengi, na wote walikuwa na haraka ya kumtupia mchanga kwa upendo.

Ijumaa, 25 Julai

Hitma imesomwa jana. Turubai limeondoka. Diko limefunguliwa.

Tabu anashona tena. Hanisemi, chakula ananipakulia, maji ya kuoga ananitengea. Nadhani ameelewa. Ni mwanamke mwenye busara. Ila kila nikiingia, mkono wake unakwenda kwenye pindo la kanga.

Leo afisa kaja, si kukagua, kutoa pole. Kisha akatangaza. Baada ya msiba huu hakuna huruma. Kesho Jumamosi ukaguzi wa diko zima, boti moja moja, kila baharia na jaketi lake na filimbi yake, na boti isiyo nayo inavutwa juu, hairudi majini. Wavuvi wametoka pale wamefunga nyuso. Venance kapendekeza diko linunue ya pamoja, kidogo kidogo, yavaliwe kila safari. Watu wakamsikiliza, tena wengi. Lakini kidogo kidogo si kesho!

Kabla ya Ijumaa kusaliwa manahodha wanne walishanifuata. Wanne! Nimejizuia kutabasamu, kwa heshima ya marehemu. Hata Jabiri kaja, kaazima boti ya shemeji yake. Halafu akauliza kama safari hii wanaweza kwenda nayo baharini. Nikamweleza taratibu kwamba haiwezekani, maji ya chumvi yanaharibu kitambaa, na haya ni majaketi sita kwa diko zima. Akaondoka. Atarudi, hana njia nyingine.

Jina nimelifumua kwa wembe. Tabu hushona imara mno, imenichukua alasiri yote, nilikata uzi huku machozi yanadondokea jaketi. Nilipofika herufi ya mwisho nikaibusu. Vitundu vya sindano vinaonekana bado, nimepaka masizi. Kwa mbali halisomeki.

Limebaki jambo moja. Matano yana filimbi. La sita halina, na mama yule halihesabu jaketi lisilo na filimbi.

Nitamwomba Tabu kesho mapema, kwa upole, kabla hajaanza kushona. Nitamrudishia jioni. Ni asubuhi moja tu.